Malezi ya Mbwa wa Kusaka



Tumeombwa tuseme habari za mbwa. Huenda wako wanaocheka moyoni na kujiuliza, "Mbwa ni kitu gani hata watu waache kazi zao wakutane kwa ajili yake?" Ndugu zetu, tusicheke upesi. Katika nchi hii ya Singida hakuna mnyama akaaye karibu na mtu kama mbwa, wala hakuna apewaye malezi machache kama yeye. Ng'ombe ana mchungaji wake, mbuzi ana zizi, kuku ana tundu lake. Mbwa hana kitu ila jina. Na mnyama huyu huyu tusiyemtunza ndiye awezaye kuleta mauti nyumbani kwa jino moja tu.

Leo twataka kusema hasa juu ya mbwa wa kusaka, jinsi ya kumlea tangu akiwa kilebu mpaka awe mtenda kazi. Neno letu kubwa ni hili: mbwa mwema wa kusaka si yule awashindaye wenzake kwa mbio, bali ni yule arudiye aitwapo, ijapokuwa windo liko mbele ya macho yake. Mbio amezaliwa nazo. Kurudi ni lazima afundishwe, na mwalimu wake ni wewe.

AINA ZA MBWA NA NCHI ZAO

Mbwa wa kusaka ni wa namna mbili kubwa. Wako wasakao kwa pua, ambao hufuata harufu chini hatua kwa hatua. Na wako wasakao kwa macho, ambao humwona mnyama kwa mbali wakamfukuza kwa mbio. Katika hawa wa macho, ajulikanaye sana duniani ni mbwa wa Uingereza aitwaye greihaundi. Ni mwembamba, kifua chake ni kikubwa, tumbo limeingia ndani, na miguu ni mirefu. Kwa mwendo mfupi aweza kukimbia kiasi cha kilometa 65 kwa saa. Ndugu yake ni saluki, mbwa wa Waarabu, ambaye watu wetu waliokwenda Omani na nchi za Ghuba wamemwona. Ndugu yao mwingine ni mbwa mkubwa wa Skoti mwenye manyoya marefu, naye aliletwa huku kwetu Afrika Mashariki zamani. Karen Blixen, bibi wa Kidenmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong karibu na Nairobi tangu mwaka 1914 hata 1931, alifuga mbwa wa namna hiyo shambani kwake.

Je, mbwa wa jinsi hii afaa Singida? Jibu lake hutegemea mahali. Mbuga ya Wembere, kule Iramba, iko wazi, na mbwa wa macho huweza kuona mbali na kunyosha miguu yake. Lakini mpeleke Itigi, upande wa Manyoni, ambako kichaka kimesongamana hata mtu hupita kwa shida: hapo macho hayaoni kitu, na ngozi yake nyembamba itararuliwa na miiba siku ya kwanza. Tena mji wa Singida uko juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Mbwa asiye na mafuta wala manyoya mengi huteseka akilala nje.

Kwa hiyo msimdharau mbwa wetu wa kienyeji. Yeye aijua miiba, alijua jua, na chakula kichache chamtosha. Kule Kongo wako mbwa wa kienyeji wasiobweka, ambao wasasi huwafunga kengele ya mti ili wajulikane walipo porini. Mbwa hao walipelekwa Uingereza, na mwaka 1937 wakaonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa, watu wakawastaajabia. Na watu wa mashamba wa Uingereza wenyewe mara nyingi hawakumtaka greihaundi mtupu. Walimchanganya na mbwa wa kuchunga kondoo, wapate mtoto mwenye mbio za huyu na akili za yule. Basi mtu akipata greihaundi, au mchanganyiko wake, au mbwa wa kwao tu, malezi ni yale yale.

KUCHAGUA KILEBU

Kilebu huzaliwa kipofu. Macho yake hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14. Usimwondoe kwa mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Wako wamchukuao akiwa na majuma 4 wakisema, "Atatuzoea mapema." Wanakosea, maana katika majuma hayo mama na ndugu zake humfundisha jambo ambalo mtu hawezi kumfundisha vema: kwamba kuuma kwa nguvu huumiza, na aumaye ovyo huachwa peke yake.

Ukienda kuchagua, mtazame kwanza mama. Ikiwa mama huuma watu bila sababu au hukimbia kila kivuli, rudi nyumbani mikono mitupu. Kisha piga makofi karibu na vilebu. Mmoja atakimbia ajifiche asitoke tena, mwacha. Mwingine atawakanyaga wenzake na kuwauma, mwacha naye. Mchukue yule ashtukaye kidogo, kisha akaja mwenyewe kunusa mkono wako. Mtazame macho yasiwe na tongo, fizi ziwe za rangi ya waridi, na tumbo lisiwe limevimba kama ngoma, maana hiyo ni dalili ya minyoo.

CHAKULA NA MALAZI

Mpaka miezi 3 kilebu ale mara 4 kwa siku. Mpaka miezi 6, mara 3. Baada ya hapo mara 2 zatosha. Ugali wa mtama au wa uwele ni mwema, lakini peke yake haujengi mifupa wala nyama. Uchanganye na maziwa ya mgando, au dagaa, au mchuzi wa nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa kuwa huvunjika kama sindano na kumtoboa matumbo.

Hapa tunawasihi wachinjaji na wafugaji wasikilize. Mbuzi au kondoo akichinjwa, mara nyingine huonekana malengelenge ya maji katika ini au mapafu. Desturi ya wengi ni kumtupia mbwa sehemu hiyo. Desturi hiyo ni mbaya sana. Malengelenge yale ni mwanzo wa tegu mdogo, naye hukua matumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka katika kinyesi, yakashika manyoya ya mbwa na mikono ya watoto wanaomchezea. Mtoto akiyameza, malengelenge kama yale huota katika ini lake yeye au mapafu yake. Vitu hivyo vichomwe moto au vifukiwe chini sana. Na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa shauri la bwana mifugo.

Malazi yawe makavu, yasiyopigwa na upepo, na yasafishwe kwa ajili ya viroboto na kupe. Mahali penye mbung'o, mtazame macho mara kwa mara: jicho likigeuka kuwa na ukungu wa buluu, na mwili ukikonda, usingoje, maana huenda ni ugonjwa uletwao na mbung'o, nao huua mbwa upesi.

KICHAA CHA MBWA

Tungaliweza kulipita jambo hili, kama mbwa wa kusaka angekaa nyumbani. Lakini kazi yake ni kwenda porini, na porini hukutana na mbweha na wanyama wengine wawezao kuwa na kichaa. Kwa hiyo yeye yumo hatarini kuliko mbwa wa mlangoni.

Kichaa cha mbwa kimo katika mate, nacho huingia kwa jeraha la jino. Mbwa aliyeshikwa hubadilika tabia: mpole huwa mkali, mkali huwa mnyonge na kujificha, hutokwa na mate, hushindwa kumeza, hutangatanga na kuuma hata mti. Mtu aliyeumwa aweza kukaa majuma au miezi hajisikii kitu. Lakini dalili zikisha kuonekana kwake, hapana dawa. Karibu wote hufa. Kinga, hata hivyo, ipo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa kule Ufaransa naye akapona, watu wamejua kwamba mauti haya yaweza kuzuiwa.

Mambo ya kushika ni matatu. La kwanza, mbwa achanjwe akiwa na miezi 3, tena baada ya mwaka mmoja, kisha kama bwana mifugo atakavyoagiza, na cheti chake kitunzwe. La pili, mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara ile ile kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo achanjwe. Asipakwe majivu, wala mizizi, wala mafuta, wala asingoje kuona "itakuwaje." La tatu, mbwa aliyeuma, kama yuko mzima, asiuawe kwa hasira, bali afungwe mahali pa salama aangaliwe siku 10, na bwana mifugo apewe habari.

Walimu, neno la pili tunawapa ninyi. Watoto ndio waumwao mara nyingi, na mtoto huogopa kusema asije akapigwa. Wafundisheni waseme. Mtoto anyamazaye kwa hofu ya fimbo aweza kufa kwa jeraha ambalo sabuni na sindano zingalimwokoa.

Uko na ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, wenye homa, makamasi na kutetemeka. Msidhani kwamba huishia kwa mbwa. Mwaka 1994 simba wa Serengeti, kaskazini yetu, walishikwa nao, na karibu theluthi yao walikufa. Na wataalamu waliwashuku mbwa wa vijiji vya kandokando kuwa chanzo chake. Mbwa wa maskini asiyechanjwa huweza kumwangusha mfalme wa nyika.

MAFUNZO

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi mno. Tangu juma la 3 mpaka kama la 12, kilebu huandika moyoni mwake nani ni ndugu na nani ni windo. Basi katika siku hizo azoee watoto, wazee, wageni, kuku, na zaidi ya yote mbuzi na kondoo. Mbwa wa macho huwashwa na kila kikimbiacho. Asipojifunza utotoni kwamba mbuzi ni wa nyumbani, siku atakapomfukuza mbuzi wa jirani hutamlipa jirani mbuzi tu. Utalipa na ujirani.

Mpe jina fupi. Wako wampao mbwa jina la mafumbo, ili kila wamwitapo jirani asikie kidonda chake. Hayo waachieni wenye kupenda ugomvi. Jina la silabi mbili husikika mbali, nalo halimchomi mtu.

Kila umpapo chakula, piga mluzi wa namna moja, kisha mwite jina. Fanya hivyo kila siku, kila mlo, bila kukosa. Baada ya miezi miwili mluzi ule utakuwa mtamu masikioni mwake kama chakula chenyewe. Akiwa na miezi 3 au 4 mvike ukanda shingoni, umfunge kigwe chepesi, umtembeze taratibu. Kisha tumia kamba ndefu, kama meta 10: mwache aende, piga mluzi, mvute polepole akisita, na akifika mpe kitu kidogo cha kula na maneno mema.

Akitimia miezi 6, chukua kipande cha ngozi kuukuu, ukifunge kwenye kamba, na mtu mwingine akiburute mbele yake. Mbwa atataka kuruka. Mshike, mtulize, kisha mwachie. Akiwa katikati ya mbio, piga mluzi. Akirudi, msifu sana, na kama thawabu mwachie tena aikamate ile ngozi. Hapo atajifunza siri kubwa: kwamba kurudi kwa bwana wake si mwisho wa furaha, bali ni mlango wake.

Na akileta kitu kinywani, usimnyang'anye kwa nguvu. Mpe kingine, naye atakiachia. Mbwa anyang'anywaye hujifunza kukimbilia kichakani na kula peke yake. Ndugu zetu Waislamu wajua uzito wa jambo hili kuliko sisi, maana Kurani, katika sura ya Almaida, aya ya 4, yataja mnyama wa kusaka aliyefundishwa, ambaye amekamata kwa ajili ya bwana wake. Tazameni jinsi neno la kufundishwa lilivyo kubwa: mafunzo ndiyo yatengayo kilicho halali na kisicho halali.

Liko kosa moja liwaharibulo mbwa wengi kuliko magonjwa yote. Mbwa ametoroka, ameitwa hakuja, bwana amekasirika. Baadaye mbwa arudi mwenyewe, mkia chini. Bwana amshika na kumpiga. Je, mbwa amejifunza nini? Yeye hakumbuki kutoroka; akumbuka kurudi. Amejifunza kwamba arudiye hupigwa. Kesho hatarudi kabisa. Basi mbwa arudiye apokewe vema, hata kama amechelewa tangu asubuhi, na hata kama moyo wako wachemka. Kosa lake lisahihishwe kesho kwa kamba ndefu, wala si leo kwa fimbo.

Tena msimkimbize mapema. Mifupa ya kilebu mrefu haijakaza, na akikimbizwa sana kabla ya mwaka mmoja, viungo huharibika akawa kilema wa maisha. Hata akiisha kukomaa, mbio ziwe za alfajiri, kabla jua halijawa kali, wala asiwe ameshiba. Akirudi anahema kupita kiasi, ulimi umegeuka rangi na miguu yayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Kisha tazama nyayo zake zote nne, utoe miiba. Wasasi wazuri hawali kabla ya kufanya hivyo.

SHERIA NA KAZI

Mtauliza, "Baada ya taabu hizi zote, mbwa huyu asake nini?" Ni vizuri tuseme wazi, maana watu wamefungwa kwa kutojua. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, yataka kibali kwa kila awindaye. Tena yamhesabu mbwa pamoja na sumu, mitego na mashimo, katika njia zisizoruhusiwa kuwindia pasipo idhini ya maandishi. Wenzetu wa Manyoni, wanaopakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na washike neno hili sana. Wala msidhani kwamba ni sisi tu tuliozuiliwa. Uingereza, kwao greihaundi, sheria ya mwaka 2004 ilikataza kuwafukuza sungura kwa mbwa, jambo lililokuwa mchezo wa wakubwa kwa miaka mingi.

Je, mbwa aliyefundishwa amekosa kazi? La, hata kidogo. Nani awafukuzaye nyani na ngedere katika mahindi? Nani aamshaye nyumba usiku ngiri waingiapo katika karanga, au fisi anaposogelea zizi? Nani ampataye mbuzi aliyepotea jioni kati ya majabali? Kazi hizo zote zataka macho, mbio na ushujaa, nazo zote zataka kurudi. Mbwa amfukuzaye nyani mpaka mwisho wa shamba kisha akarudi kwa mluzi, huyo ni askari. Mbwa avukaye mpaka wa pori la akiba na kuendelea kufukuza, huyo ni mashtaka mikononi mwa bwana wake. Na kama siku moja mtu amepata kibali na idhini kwa maandishi, atakuwa na mbwa awezaye kumtegemea mbele ya afisa wa serikali bila aibu.

Tukumbuke na sheria ya mwaka 2008 juu ya ustawi wa wanyama, ambayo yamtaka mwenye mnyama amtunze wala asimtese. Na asiyeweza kulea vilebu asiwazalishe. Mbwa jike hushika mimba mara mbili kwa mwaka akiachwa, naye huzaa baada ya siku kama 63. Vilebu watupwao majalalani ndio wawao mbwa koko, na mbwa koko ndio wabebao kichaa kutoka kijiji hata kijiji.

MWISHO

Ndugu zetu, wahenga walisema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Maana yake, mbwa ni kioo cha bwana wake. Tukimwona mbwa mwizi, mwoga, au mwenye kuuma watoto, tusiulize amezaliwa na mbwa gani. Tuulize amelelewa na nani.

Tunawaomba wakubwa wa vijiji wapige mbiu siku ya chanjo ijapo, na wao wenyewe wawe wa kwanza kuleta mbwa wao, ili watu waone. Tunawaomba walimu wawafundishe watoto kuosha jeraha na kusema kweli. Na kila mwenye kilebu nyumbani aanze jioni hii hii: ampe chakula kwa mkono wake, apige mluzi, amwite jina lake. Ni kazi ya dakika chache. Mwaka mmoja baadaye atasimama ukingoni mwa shamba lake, atapiga mluzi ule ule, naye mbwa, akiwa katikati ya mbio zake zote, atageuka.